Shamba Lililongoja Mgeni Rasmi

Nakumbuka siku moja mwanzoni mwa kifuku, ndiyo majira yetu ya mvua huku Ugogoni. Kabla sijakueleza yaliyotokea, mwanangu, acha niwataje waliokuwapo, ili usije ukasema nimewasema watu kwa mafumbo.

Alikuwapo Mzee Chilatu, mwenyekiti wa kijiji chetu, ambacho hakiko mbali na Gulwe, reli ikiwa upande mmoja na mlima upande mwingine. Alikuwapo Mchungaji Lungwa wa kanisa la mlimani, na Padre Severini wa kanisa la stesheni. Makanisa haya yana majina yake makubwa yaliyoandikwa milangoni, lakini sisi tuliyaita hivyo tu, Mlimani na Stesheni, na mtu akikuuliza unasali wapi ulijibu kwa neno moja. Alikuwapo baba mkubwa Elia, kaka wa marehemu baba yetu, mzee wa kanisa la Mlimani. Alikuwapo mama mdogo Anastazia, mdogo wa marehemu mama yetu, sauti ya kwanza katika kwaya ya Stesheni. Alikuja pia, ingawa alichelewa, mkuu wa wilaya wa wakati ule. Walikuwapo waumini wa pande zote mbili, kila mtu na jembe lake. Na tulikuwapo sisi wenye shida: mimi Penina, msichana niliyekuwa nimeacha shule darasa la sita, mdogo wangu Yona, kisha Nyemo aliyemfuata Yona, na kitinda mimba wetu Sechelela, aliyekuwa mgongoni mwangu.

Baba alifariki kwa homa. Mama akamfuata kabla ya mavuno. Baba alikuwa mtu wa Mlimani na mama mtu wa Stesheni, na wakiwa hai jambo hilo halikuwa na uzito nyumbani kwetu. Jumapili kila mmoja alishika njia yake, mchana wakakutana kwenye sahani ya ugali na mlenda. Sisi watoto tulikwenda na yeyote aliyetangulia kutoka. Lakini mama alipozikwa tu, msiba haujapoa, ndugu wakakaa kikao. Baba mkubwa Elia akasema watoto ni wa ukoo wa baba na watalelewa Mlimani. Mama mdogo Anastazia akasema dada yake hakuzaa ili watoto wake wafundishwe kwamba mama yao alisali kwa makosa. Hakuna aliyeniuliza mimi, na mila haikuwataka waniulize. Wakakubaliana kutugawa.

Aliyezuia ni Mzee Chilatu. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mwenyekiti tu, mtu wa chama na mihuri, ambaye kanisani alionekana Krismasi. Alikwenda kwa Mchungaji, akaenda kwa Padre, akawaleta wote wawili kwenye ua wetu, wakakaa kwenye kigoda na gogo. Akawaambia, "Nyinyi ni watu wa Mungu mmoja, mimi ni mtu wa serikali. Tukishindwa watatu kuwaweka watoto wanne chini ya dari moja, basi tufunge ofisi zetu."

Siwezi kuwasingizia wale wazee. Walipendana kweli. Padre alikuwa akimkopesha Mchungaji baiskeli, na Mchungaji alimpelekea Padre asali. Siku ile walikubali upesi. Mzee Chilatu akatamka sharti mbele ya ndugu zetu: makanisa mawili yatalima kwa pamoja shamba la marehemu baba, mara moja kila kifuku. Shamba likitoa chakula cha mwaka, watoto wabaki pamoja, na mimi niwe mkubwa wao. Lisipotoa, kikao cha ndugu kitaendelea pale kilipoishia. Nilielewa vizuri, ingawa nilikuwa mdogo. Wadogo zangu walikuwa wamewekwa ndani ya lile shamba kama mbegu.

Kwa mikono yangu peke yangu nisingeweza. Ningeweza kuberega tu, yaani kukwaruza ardhi juujuu na kutupia mbegu, na udongo wetu ukiuberega unakulipa mabua. Ulitaka kulimwa kwa watu wengi, siku moja, mara tu baada ya mvua ya kwanza kuulainisha.

Sasa, mwanangu, wewe umezaliwa wakati wa matrekta ya kukodi, kwa hiyo nikufahamishe jambo. Huku kwetu huwezi kuita watu shambani ukawapa maji matupu. Anayeita watu kulima hupika kinywaji, na kinywaji chenyewe tangu enzi ni ujimbi, pombe yetu ya nafaka. Watu wa Stesheni waliinywa bila wasiwasi. Watu wa Mlimani walikuwa hawakai hata kwenye kivuli kimoja na mtungi wake. Jambo hili lingeweza kuvunja mpango mapema, lakini wazee walilicheka wakalimaliza. Iwe togwa, wakasema. Togwa ni tamu, haina ulevi, hata mtoto hunywa.

"Mchungaji," Padre akamwambia, "kumbe umeamua kuninywesha uji wa watoto."

"Ufalme wa mbinguni ni wao, Padre. Anza kuzoea."

Nilicheka nao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Ningetamani hadithi iishie hapo. Lakini Mzee Chilatu alifurahi kupita kiasi. Alikwenda wilayani kwa shughuli zake, akaeleza jinsi Mlimani na Stesheni watakavyolima pamoja shamba la yatima. Mkuu wa wilaya akaguswa. Akasema umoja kama huo ni mfano kwa wilaya nzima, na kwamba angependa kuja mwenyewe kupiga jembe la kwanza. Nani angekataa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee Chilatu alirudi kijijini kama mtu aliyebeba habari ya mvua.

Mvua yenyewe ilinyesha. Siku ikapangwa. Nilipika togwa kwa kimea cha uwele, nikajaza mitungi, nikaifunika, nikaipeleka shambani kabla ya alfajiri. Jua linachomoza watu walikuwa wamekwisha kufika, tena wengi kuliko nilivyotarajia. Walisalimiana. Wengine walitaniana. Mlimani walisimama upande wa kushoto, Stesheni upande wa kulia, lakini palikuwa na vicheko vilivyovuka katikati. Udongo ulikuwa laini, unanukia. Nikashika jembe langu.

"Subiri, mwanangu," Mzee Chilatu akaniambia. "Mgeni rasmi ndiye anayefungua. Ametuma neno, yuko njiani."

Tukasubiri. Kwaya ya Mlimani ikaimba. Kwaya ya Stesheni nayo ikaimba. Zikaimba tena. Jua likapanda. Mtu mmoja akainama kung'oa kisiki kilichomkera, akaambiwa aache, asianze kabla ya wakati. Watu wakaweka majembe chini, wakakaa juu ya mipini. Wazee wetu walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi niliyaona matumbo yakiuma. Akina mama wenye watoto wachanga walianza kuaga. Nilikuwa naitazama mitungi kila mara, kwa sababu togwa ni kitu cha asubuhi. Ukiiacha juani hadi jua livuke utosini, inaanza kufanya kazi yenyewe, inachacha kuelekea pombe.

Gari lilifika mchana umekwisha kuwa mchana hasa. Mkuu wa wilaya alikuwa mtu mwema, nasema kweli. Alishuka anatoka jasho kwa ile haraka, akaomba radhi kwa kuchelewa, akatushika mikono sisi watoto mmoja mmoja, na Sechelela akamshika kidevu. Akahutubia. Alisema maneno mazuri kuhusu mwili mmoja wenye viungo vingi, hata Mchungaji akatikisa kichwa kwa kukubali. Padre naye akanena. Mchungaji naye akanena. Wakapeana mikono, wakakumbatiana, watu tukapiga makofi, na baadhi yetu tukalia. Mkuu wa wilaya akapiga jembe lake, akapigwa picha. Kisha akawaambia wale wawili na Mzee Chilatu kwamba kuna chakula kimeandaliwa mjini, kwa ajili ya kuzungumzia namna ya kuupeleka umoja huu vijiji vingine.

Nawaona hadi leo. Mchungaji na Padre walikaa kiti cha nyuma, bega kwa bega, wanacheka. Mzee Chilatu alikaa mbele na akanipungia mkono. Gari likaondoka, vumbi likatulia. Wote waliokuwa wamepatana walikuwa ndani ya lile gari.

Tuliobaki tulikuwa na kiu. Hakuna aliyetaka kuinama bila kwanza kulowesha koo. Nikafunua mtungi wa kwanza na povu likapanda. Nikachota, nikampelekea baba mkubwa Elia kwa magoti, kama ilivyo heshima. Akanywa funda moja, akalitema kwenye udongo.

"Penina, hii ni nini?"

"Togwa, baba mkubwa."

"Togwa? Mimi nimekunywa pombe nusu ya maisha yangu kabla Bwana hajanitoa huko. Leo wewe utanifundisha ladha yake?"

"Baba mkubwa, imekaa juani tu. Niliipika tamu."

Hapo labda pangetulia. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na alishaanza kutazama jua na kuelewa. Ila mama mdogo Anastazia alikuwa karibu, na mama mdogo hakuwahi kuacha neno liozee mdomoni.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kwaya, "ulimi wako kama bado unaikumbuka, basi haukuokoka wote."

Stesheni walicheka. Walicheka hasa, kicheko cha watu waliochoka, wenye njaa na jua kichwani. Niliona uso wa baba mkubwa unavyojifunga. Mwanangu, makanisa mengi yamegawanyika kwa mambo makubwa ya vitabu, ndivyo ninavyosikia redioni. Ya kwetu yaligawanyika kwa kicheko.

"Watu wa Mlimani," baba mkubwa akasema, "chukueni majembe yenu. Tumeitwa kulima, kumbe tumeitwa kunyweshwa pombe na kuchezewa."

"Nendeni!" mtu akajibu upande wa pili. "Na sisi tulime peke yetu shamba la mtu wa Mlimani? Kwani tumekosa ya kwetu?"

Nilipiga magoti katikati yao. Niliwaambia wapige hata mistari michache, hata kona moja. Wengine walinitazama kwa huruma, na huruma yao iliondoka nao. Waliotangulia waliondoka kwa hasira na waliofuata waliondoka kwa sababu wengine wameondoka. Wachache wa Stesheni walibaki nyuma, wakaimaliza mitungi, na kisha wakaenda na wao.

Usiku mvua nzuri ilinyesha juu ya shamba lisilolimwa. Yona na mimi tuliamka alfajiri tukalima, siku ile na zilizofuata, hadi mikono ikatoka malengelenge. Tulimaliza kipande cha chini tu. Halafu mbingu ikafunga, kama inavyofunga huku kwetu, na udongo ukawa kigae.

Mchungaji na Padre walikuja baada ya siku chache, pamoja, juu ya ile baiskeli moja. Niliwaamkia shikamoo. Waliitikia kwa sauti ya chini.

"Mwanangu," Mchungaji akaniambia, "mimi na Padre hatuna neno lolote kati yetu. Ulijue hilo."

"Hatuna kabisa," Padre akasema. "Tutapanga siku nyingine."

Na walijaribu. Lakini Mchungaji alipowaambia wazee wake wa kanisa, wakamuuliza kama sasa anatetea pombe. Padre alipoiambia halmashauri ya kanisa lake, wakamuuliza kama wao ni vibarua wa Mlimani. Kila mmoja akawa na watu wake wa kuwaogopa. Siku nyingine haikupangwa. Wao wawili wakaendelea kutembeleana, asali ikaenda na baiskeli ikarudi, na sidhani kama yupo aliyeona kwamba urafiki wao ulikuwa umebaki peke yake kama mti uliochomwa pande zote.

Mavuno hayakufika mbali. Kikao cha ndugu kikaendelea pale kilipoishia, na safari hii Mzee Chilatu hakuweza kuwazuia, kwa kuwa sharti lilikuwa lake. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi nilikuta wawili. Baba mkubwa Elia alikuwa anahamia Mtera kwa biashara ya samaki, akamchukua Yona. Mama mdogo Anastazia alikuwa ndiyo kwanza ameolewa Chemba, akamchukua Nyemo. Walipofika kwa Sechelela, ambaye alikuwa mdogo mno na kifua kinamsumbua, ghafla hapakuwa na kanisa lililomtaka sana. Nikabaki naye. Yona hakulia. Aliniomba jembe lake aondoke nalo, nikampa.

Jioni ile Mzee Chilatu alikuja akakaa nje, kando ya ukuta. Nilikuwa na uchungu, nikayalaani makanisa yote mawili kwa sauti. Akaniacha nimalize. Kisha akanikemea, ila kwa upole ulionikata zaidi.

"Usilaani, Penina. Laana ni kazi nyepesi, kila mtu kijijini ameshaifanya. Kosa ni langu. Nilidhani wakubwa wakishikana mikono, wadogo watashikana majembe. Sivyo. Wakubwa walishikana mikono, nikaona kazi imekwisha, nikapanda gari. Ningebaki, ningekunywa ile togwa mimi wa kwanza, mbele ya Elia. Mtu mmoja tu mwenye cheo angebaki kwenye udongo na watu."

Akafa miaka mingi baadaye akiwa bado anaizungumzia togwa ile. Kwenye maziko yake Mchungaji na Padre, vikongwe wote wawili, walikaa benchi moja.

Kwa nini nakueleza haya leo? Kwa sababu nimesikia umeingizwa kwenye kamati ya vijana ya maombi ya pamoja. Nimeona pia kwenye televisheni ya jirani viongozi wa serikali na maaskofu wamekaa mstari mmoja pale Dodoma mjini, wanatabasamu, wanaitana ndugu. Sidharau. Nawapigia makofi kama nilivyopiga zamani, kwa kuwa afadhali wapatane kuliko wagombane. Lakini makofi yakiisha huwa nalitazama gari linaelekea wapi, na nani kapanda.

Maana huku chini hakuna kilichobadilika, mwanangu, au kimebadilika kuwa kibaya zaidi. Mlimani na Stesheni sasa wana vikundi vyao vya kuweka na kukopa, kila upande wake. Vijana wao hawaoani bila vita. Na mwaka jana Sechelela wangu, niliyemlea hadi akawa mtu mzima, kifua kilimshinda. Yona alikuja kutoka Mtera na mwinjilisti wake. Nyemo alikuja kutoka Chemba na katekista wake. Sechelela mwenyewe alisali popote aliposikia wimbo anaoupenda, kwa hiyo kila upande ulisema ni wake, ingawa alipokuwa mgonjwa hakuna upande uliosema hivyo. Walibishana juu ya jeneza nani aanze. Mwishowe mwenyekiti wa sasa, kijana tu, akasoma maneno machache yasiyo ya upande wowote, tukamfukia. Wadogo zangu walikula chakula cha msiba katika sahani mbili, sehemu mbili za ua mmoja, na niliona Nyemo akimtazama Yona mikono, zile nyufa za samaki na chumvi, kisha akageuza uso.

Nasaha yangu ni hii, na haina urembo. Usiifanye kazi ya umoja ikamngoja mgeni rasmi. Watu wakifika na majembe, walime. Mkubwa akifika atakuta mistari, aingie kwenye mstari wake. Ukiwa wewe ndiye mkubwa, usipande gari mpaka watu wanywe, kwa sababu kiu ndiyo saa ya hatari, siyo hotuba. Usidhani kwamba kwa kuwa mchungaji na padre wanapendana, Elia na Anastazia wamepatana. Upendo wa viongozi haumwagiki wenyewe kwenda chini kama maji ya mteremko. Hubebwa ndoo kwa ndoo, na anayebeba huchoka. Na ukiona mzaha unafaa kusemwa, na unajua utachekesha upande mmoja tu, uumeze. Utakuchoma kooni, lakini koo lako litapona.

Sitakuficha kwamba sina matumaini makubwa. Nimeishi miaka mingi na nimeona mikono mingi ikishikana. Nakuambia tu kwa kuwa mkubwa wa yatima hana ruhusa ya kunyamaza.

Mungu wa baba yangu na wa mama yangu akupe mgongo usiochoka kuinama, na masikio ya kusikia povu kabla mtungi haujafunuliwa. Akupe wenzako wa kubaki nawe vumbi likitulia. Na ukiwa na ndugu, akupe kuwa nao.

Mimi nina deni. Tanga la Sechelela halijaanuliwa. Msiba wake uko wazi hadi leo, nguo zake ziko sandukuni, hazijagawiwa mtu, kwa sababu kuanua kunataka ndugu wote wakae pamoja na sala isomwe. Yona akinipigia simu husema, "Nitakuja, dada, ila Nyemo asije na watu wake." Nyemo husema, "Mwambie kwanza aache kusema mama yetu hakuokoka." Nimewaambia wote wawili kwamba nitangoja. Marehemu naye anangoja.